Si Simu Tu Iliyoibwa

Kuna maneno matatu ambayo ningeyapiga marufuku katika Ugweno yote, tangu Kifula hadi Shighatini, kama ningekuwa na madaraka hayo. Maneno yenyewe ni "ni simu tu". Mtu akiibiwa simu, wa kwanza kumfikia humpa maneno hayo kama pole: "Usijali mzee, ni simu tu, utanunua nyingine." Mimi niliambiwa hivyo katika stendi ya Mwanga, wiki ya Krismasi ya mwaka 2023, nikashukuru na nikayaamini, na yakanigharimu mimi na ukoo wangu fedha ambazo mpaka leo sijamaliza kuzirudisha.

Nieleze jambo lilivyokuwa, maana wengi walisimuliwa nusu yake, na nusu hiyo si ile inayonihukumu mimi.

Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa mfuko wa ndiva. Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, ndiva ni bwawa dogo la mlimani, limejengwa kwa mawe na udongo tangu enzi za mababu. Maji ya kijito hulijaza usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka kwenye mfereji kwenda mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Ndiva ya ukoo wetu ilibomoka ukingo, tukaamua kuchanga ili tuijenge upya kwa saruji. Walichanga walioko nyumbani, walioko Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na kijana wetu mmoja aliyeko Muscat. Fedha zote zilitumwa kwenye laini yangu ya simu, kwa sababu mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa sababu nilikuwa mmoja wa wachache wenye simu ya kupangusa. Siku ile zilikuwa zimefika shilingi 1,460,000.

Saa nane mchana nilikuwa nagombania kiti katika gari la kupanda mlimani. Wiki ile ya Desemba kila aliye ugenini hurudi nyumbani, na magari ya kwenda juu hujaa mpaka watu hubebana mapajani. Mkono mmoja nilishika mfuko wa mchele, mkono mwingine nilishika simu, nami nilikuwa nimeifungua nimwambie mwanangu kwamba nimepata gari. Kijana mmoja akaichomoa kama anayechuma mbivu, akapotea katikati ya bodaboda. Angalia jambo hili, ndugu msomaji: aliichukua ikiwa wazi. Vijana wa London wanaopita na baiskeli wakipokonya watu simu barabarani hufanya vivyo hivyo, hungoja simu iwe mkononi na kioo chake kinawaka. Simu iliyofungwa ni chuma na kioo, bei yake ni ya vipuri. Simu iliyo wazi ni mlango wa nyumba ulioachwa wazi na mwenye nyumba hayupo.

Nilifanya nini? Nilikimbia kwanza, mbio za mzee. Nikaenda polisi, wakanisikiliza vizuri na kuandika maelezo yangu. Nikauliza uliza kwa waendesha bodaboda. Nikatafuta gari jingine. Nilipita mbele ya mawakala wa fedha wanne au watano, kila mmoja amekaa chini ya mwavuli wake na simu tatu mezani, nisimwombe hata mmoja simu yake kwa dakika mbili nifunge laini yangu. Magharibi nilifika nyumbani. Mke wangu akauliza mbona napigiwa sipokei, nikamwambia simu imeisha chaji.

Hapo ndipo penye kosa langu, na ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi. Niliona aibu. Niliyefundisha hesabu nusu ya kijiji, niliyekabidhiwa mfuko wa watu, nitasemaje kwamba nimepokonywa simu stendi kama mgeni wa mji? Nikajiambia nitashuka kesho, nitanunua simu nyingine, nitarudisha laini, na hakuna atakayejua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewaandikia watoto methali hiyo ubaoni mara nyingi.

Sasa tazama mwizi alivyoutumia usiku huo niliompa. Ndani ya simu alikuta picha ya kitambulisho changu cha Taifa, niliyoipiga ili nimtumie mtu fulani aliyekuwa akinishughulikia jambo fulani, nikaisahau humo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa mwenye kitambulisho. Namba yangu ya siri ya fedha ilikuwa mwaka niliozaliwa. (Sitautaja mwaka wenyewe hapa, hata kama nimekwisha kubadilisha.) Hakuhitaji uchawi. Alisoma picha, akajaribu, akafungua. Akahamisha shilingi 1,450,000, akaniachia elfu kumi kama mtu anayeacha mbegu. Kisha akachukua kwa jina langu mkopo wa simu wa shilingi 85,000, ambao sikujua hata kama nimestahili kupewa.

Akasoma pia mazungumzo yetu ya kundi la WhatsApp. Kila siku mimi hufungua maneno yangu pale kwa "Ndugu zangu wa ukoo", naye akaandika "Ndugu zangu wa ukoo, fundi anataka saruji leo kabla bei haijapanda, aliyekuwa hajamaliza ahadi yake atume kwenye namba hii, yangu imejaa." Binamu yangu wa Moshi akatuma elfu hamsini. Kwa wale ambao hawamo katika kundi alituma ujumbe wa kawaida. Mmoja wao ni shangazi yangu, mjane wa zaidi ya miaka 80, mwenye simu ya kitochi. Mjukuu wake alimsomea ujumbe, na kwa kuwa ulitoka kwenye namba yangu mimi, si ya mtu asiyejulikana, hakuuliza. Alituma shilingi 180,000, fedha ya mbuzi aliyemuuza wiki hiyo kwa ajili ya sikukuu.

Alituma saa moja na robo usiku. Saa moja na robo usiku mimi nilikuwa jikoni kwangu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwake, nakunywa chai.

Basi anayeniambia "ni simu tu" nimwonyeshe shangazi yangu. Mwizi wa stendi hakumwibia shangazi kwa ujanja wa mitambo. Alimwibia kwa jina langu, na jina hilo nilimwachia saa tano nzima bila kulidai. Fedha za mfuko pengine zilikuwa zimekwisha kwenda katika nusu saa ya kwanza, kabla mimi sijapumua kutoka mbioni. Lakini elfu hamsini za binamu na laki moja na themanini za shangazi ziliibwa na ukimya wangu. Kama saa nane na dakika kumi ningeomba simu ya wakala na kumpigia mtu mmoja tu wa kundi, nikamwambia "waambie watu wote nimeibiwa, asitume mtu chochote", zisingetoka.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mjini na ya vijana, na kwamba dawa yake ni kurudi kwenye kitochi. Nimeyasikia haya hata katika kikao chetu wenyewe, tena kwa sauti ya ushindi. Ni hoja dhaifu. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoingia Tanzania, fedha haimo kwenye kioo, imo kwenye laini, na laini ya kitochi hubeba fedha ileile. Tena laini ikichomolewa na kutiwa katika simu nyingine, tarakimu zote za uthibitisho ambazo benki na mitandao hututumia huingia huko ilikokwenda. Kitochi hakina picha ya kitambulisho, hilo nakubali, lakini nimeona vitochi vingapi vyenye namba ya siri imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya betri, au imehifadhiwa kwenye majina kama namba ya "Bibi Siri"? Na nimeona wazee wangapi wakimpa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia, kwa kuwa macho hayaoni vizuri? Ukiwauliza watakuambia wakala ni kijana wa nyumbani. Ni kweli, ni wa nyumbani. Na foleni je?

Watakaokasirika zaidi na maneno yangu ni wenye makampuni na wenye ofisi, nao nawageukia sasa. Asubuhi ya pili nilipopata ujasiri wa kusema, nilipiga huduma kwa wateja kwa simu ya jirani. Nilingoja kwenye muziki muda mrefu. Aliyepokea, binti mwenye adabu sana, aliniuliza namba tatu nilizopiga mwisho na salio langu. Nikamwambia, mwanangu, aliyenipigia simu za mwisho ni mwizi, na salio analijua yeye kuliko mimi. Hatimaye alinihakiki kwa njia nyingine akaifunga laini. Lakini jiulize mpangilio huu umeegemea upande gani. Mwizi akiwa na tarakimu nne tu anahamisha fedha, anakopa, anatuma ujumbe, yote kwa dakika chache na bila kuulizwa swali. Mwenye mali akitaka mlango ufungwe, anaulizwa maswali kana kwamba yeye ndiye mwizi. Kuhakiki mtu anayetaka kurudishiwa laini ni jambo la haki, maana matapeli nao hudai laini za watu, na Kenya na huku kwetu watu wamefilisiwa kwa njia hiyo. Bali kufunga si kurudisha. Mtu akikosea kunifungia laini yangu, hasara yangu ni usumbufu wa siku moja. Akichelewa kuifunga, hasara ni mbuzi wa shangazi. Kwa nini basi milango yote miwili iwe na kitasa kigumu sawasawa?

Kurudisha laini nako kuna kisa chake. Nilishuka Mwanga na kitambulisho na hati ya polisi, nikapanga foleni. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja ambaye kidole chake kilikataa kusomwa na mashine. Wakajaribu cha pili, cha tatu, vyote kumi. Jembe la miaka 60 lilikuwa limefuta alama zote. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20 mwaka 2020. Tulielezwa kwamba ni kwa usalama wetu, na mimi naamini nia ilikuwa njema. Lakini mkulima wa kahawa na migomba aliyepoteza alama za vidole kwa kazi halali aambiwe nini? Yule mzee aliambiwa arudi kesho, "labda mashine itakubali". Kesho maana yake ni nauli nyingine ya kupanda na nyingine ya kushuka. Sijui kama alirudi.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya makampuni. Mchana huohuo mpwa wangu aliyesomea mambo haya alinipigia kwa simu ya mke wangu, akaniambia, "Mjomba, ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu nyingine yoyote, uiamuru simu ijifunge na kufuta kila kitu kilichomo. Nipe barua pepe yako na neno la siri." Nikabaki kimya. Barua pepe yangu sikuijua. Aliyenifungulia ni kijana wa duka siku niliponunua simu, akaandika neno la siri alilolipenda yeye, akanikabidhi simu ikiwa "tayari kwa matumizi". Miaka mitatu nilitembea na nyumba ambayo funguo zake alikuwa nazo muuza duka. Nimeuliza tangu hapo, katika harusi na misiba, na karibu kila mtu mzima niliyemuuliza ana barua pepe ya namna hiyo, asiyoijua jina wala neno lake la siri. Hili ni jambo la kutisha kuliko mwizi, nami nashangaa hatulizungumzi. Nenda leo kwa yeyote unayemwamini, uitafute barua pepe iliyomo kwenye simu yako, ubadilishe neno la siri, uliandike kwenye daftari lililo nyumbani ndani ya sanduku, si ndani ya simu.

Mpwa wangu alinifundisha na mengine, nami nayapitisha kwa lugha yangu. Ukiibiwa, omba simu ya mtu wa mtandao uleule ulio nao, upige 100 wafunge laini na fedha zake. Kabla ya polisi, kabla ya kukimbiza mtu, kabla ya kulia. Kama fedha zako ziko benki na unaziona kwa simu, pigia na benki. Pili, mtume mtu akutangaze kwenye makundi yote. Halafu ndipo uende kwenye akaunti ya barua pepe uifute simu ukiwa mbali, maana anayeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha maneno ya siri ya mengine yote. Wengi hudhani laini ikishafungwa WhatsApp imekufa. La hasha. Katika simu iliyoibwa itaendelea kufanya kazi kwa intaneti nyingine yoyote, mpaka wewe urudishe laini na kuisajili WhatsApp katika simu mpya. Hapo ya mwizi hutoka. Mimi sikujua hilo, na siku mbili baada ya laini kufungwa "mimi" nilikuwa bado nawasalimia watu kundini.

Ukishapata laini, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana picha ya kitambulisho imo mikononi mwa mtu. Namba ile iliyoombewa fedha itume kwenye 15040, ambako hupokelewa taarifa za namba za matapeli. Na ukiletewa ujumbe, kama nilivyoletewa mimi wiki iliyofuata, kwamba simu yako imepatikana na ubofye mahali fulani uithibitishe, usibofye. Huyo ndiye mwizi mwenyewe anarudi kuomba ufunguo wa mwisho.

Kabla hujaibiwa, yaani leo, bonyeza *#06# uandike zile tarakimu 15 zitakazotokea; hiyo ndiyo namba ya simu yenyewe, na polisi wataiuliza. Weka namba ya siri kwenye laini, ili ikitiwa kwenye simu nyingine isifunguke. Weka na ile namba ya pili ya WhatsApp. Futa picha za vitambulisho na hati. Haya yote hayazidi nusu saa, na hayana gharama ya hata senti moja.

Nimetaja hati. Katika simu ile kulikuwa na picha za muhtasari wa kikao chetu cha mpaka wa shamba, picha ya hati ya kiwanja cha dada yangu, karatasi za hospitali za mtu ambaye hajawaambia ndugu zake ugonjwa wake. Hizo hazikurudi, wala hakuna wa kunilipa kwa ajili yake. Wapare wa mwaka 1945 waliteremka kwa maelfu mpaka Same kuigomea kodi ya mbiru, kodi iliyotaka kila mtu akadiriwe mali yake, na wanawake wao nao walitoka kuipinga, mpaka ikaondolewa. Watu wale hawakupenda mkadiriaji ahesabu ng'ombe na mashamba ya mtu. Sisi wajukuu wao tunapiga picha kila tulicho nacho, tunakitia mfukoni, na tunakwenda nacho stendi. Tena tunampa namba ya NIDA kila anayeiomba, mpaka anayeuza vocha, naye anaiandika kwenye daftari lililofunguliwa juu ya meza ambapo mpita njia anaweza kusoma. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Nimeisoma sheria hiyo. Sijaona daftari hata moja lililofungwa kwa sababu yake huku mlimani.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni sanduku. Kabla ya simu, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilikaa kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti, na anayekaa na sanduku hakuwa na ufunguo hata mmoja. Ili fedha itoke, wote wanne sharti wakutane mbele ya wanachama, mchana kweupe. Hakuna aliyeona kwamba anatuhumiwa. Wanawake wasiojua kusoma walilinda fedha kwa utaratibu huo, mwaka baada ya mwaka. Kisha ikaja simu, tukasema sanduku ni ushamba. Tukachukua fedha za ukoo mzima tukaziweka nyuma ya tarakimu nne za mtu mmoja, kwa kuwa mtu huyo ni mwalimu na anaaminika. Mimi niliipenda heshima hiyo. Sikuuliza hata siku moja itakuwaje nikiugua, nikifa au nikipokonywa. Na kutokuuliza huko hakukuwa kosa la mwizi wala la kampuni.

Mitandao na benki wanazo siku hizi huduma za vikundi ambazo fedha haitoki mpaka zaidi ya kiongozi mmoja aidhinishe kwenye simu yake. Hizo ni kufuli tatu kwa sura nyingine, na kikundi chochote cha msiba, cha harusi au cha maji kinachoendelea kutuma fedha kwenye laini ya mtu binafsi kinacheza. Nasema hivyo nikijua wenzangu wa vikundi jirani watanuna. Mmoja amekwisha kuniambia kwamba natangaza aibu yangu ili nionekane mwenye hekima. Pengine. Ila namba yake ya siri naijua, na sikuitafuta. Niliisikia akimtajia wakala.

Nilipokwenda kwa shangazi kueleza, nilimkuta anapepeta maharage. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote, pamoja na chai ya saa moja na robo. Hakukasirika upande niliouogopa. Aliniuliza, "Ulikuwa nyumbani?" Nikasema nilikuwa nyumbani. Akauliza tena, "Na mkeo hukumwambia?" Nikasema sikumwambia. Akaendelea kupepeta. Baadaye akasema nimtazamie yule mbuzi kama aliyemnunua bado anaye.

Kikao cha ukoo kilikaa tarehe 2 Januari mwaka 2024, kabla wa mjini hawajaondoka. Nilisimama nikasema nilivyosema hapa. Wengine walitaka nisamehewe, mimi nikakataa, tukakubaliana nirudishe kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni na kahawa. Mfuko ulihamishiwa kwenye akaunti ya watu watatu, na mmoja wao ni binti wa miaka 24 aliyesimama kunihoji kuliko wazee wote. Sanduku la zamani lilishushwa kutoka darini kwa ajili ya fedha ndogo ndogo za zana na chakula cha mafundi. Ufunguo mmoja alipewa shangazi. Ukingo wa ndiva umejengwa nusu. Fedha za shangazi na za binamu nimekwisha kulipa. Kwa mfuko bado nadaiwa shilingi 410,000, nazo nategemea kuzimaliza kahawa ya msimu huu ikiuzwa.